Jaji wa Awara: Mzee Kapoor tuliyemchukia bila kumjua jina

Mkulima wa Babati anaijua India kwa bei ya mbaazi. Mwaka 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake, bei huku ikaporomoka msimu uleule, na watu waliokuwa wakiitegemea mbaazi kama wengine wanavyotegemea mshahara wakabaki wanatazamana na magunia. Tangu hapo si ajabu kumsikia mtu sokoni akiuliza mvua za India zimekaaje, kana kwamba anauliza za Bonga au Dareda.

Lakini mbaazi ni biashara ya juzi tu. Kabla hatujajifunza kukisia bei ya Mumbai, tulikwisha kujua kulia pamoja na watu wake. Kilichotufikisha huko ni picha. Marobota ya filamu yalishushwa melini Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, yakapanda treni na mabasi, nakala moja ikazunguka mji hadi mji mpaka mikwaruzo ikawa mingi kuliko sura za waigizaji. Mtu wa Babati aliyetaka kuiona kwenye ukumbi wa maana ilimbidi apande gari kwenda Arusha. Leo picha zinasafiri kwenye flashi, na ukumbi ni kibanda umiza: mabenchi, pazia zito mlangoni, televisheni juu ya kabati lenye kufuli, na nje ubao wa chaki unaotangaza mpira wa saa kumi na moja jioni, halafu “Kihindi, imetafsiriwa” saa mbili usiku.

Kwenye benchi la nje la kibanda kimojawapo nilimkuta mzee aliyewahi kuwa utingo wa malori ya barabara ya Arusha. Haingii ndani, anasema kelele zinamuumiza, ila anapenda kukaa pale.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuangalia hawa wanaopigana na watu arobaini na shati halichafuki?”

Nikamuuliza yeye enzi zake aliangalia nini. Hakufikiri hata kidogo. “Awara,” akasema, na kunitajia Raj Kapoor na Nargis kama mtu anayetaja majirani. Nikamuuliza adui wa picha ile alikuwa nani. Nilitegemea aniambie Jagga, yule jambazi wa kisu. Akakataa.

“Jagga ni mwizi, na mwizi unamjua. Adui alikuwa jaji. Msomi, mtu mzima, anamfukuza mke mwenye mimba kwa maneno ya mtaani! Yule baba nilimchukia mpaka leo.”

Jina la aliyeigiza huyo jaji? Hakulijua. “Tulimwita jaji tu.”

Huyo jaji anaitwa Prithviraj Kapoor, na ndiye baba mzazi wa Raj Kapoor, ndani ya picha na nje ya picha. Sisi wa huku ukoo wa Kapoor tumeujulia kwa watoto: Raj mwenye kofia na viatu vilivyochanika, Shammi wa kurusha kichwa, Shashi mwenye sura ya kupendeza. Mzee aliyewazaa, aliyekuwemo kwenye picha ya kwanza kabisa ya India iliyosema, tumemwacha kwenye kiti chake cha hukumu na chuki yetu. Nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizopewa, na alipewa nyingi.

Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1906 huko Samundri, Punjab, sehemu ambayo leo ni Pakistan. Baba yake, Basheshwarnath, alikuwa polisi wa serikali ya Mwingereza kule Peshawar. Msomaji alishike jina la huyo polisi, tutakutana naye mahakamani. Kijana alisoma Lyallpur, kisha Chuo cha Edwardes mjini Peshawar, akaoa angali kijana mdogo kama desturi ilivyotaka, akaanza kusomea sheria na kuiacha njiani kwa sababu ya jukwaa. Mwaka 1928 akakopa fedha kwa shangazi yake na kwenda Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, kutafuta kazi ya picha. Kwa familia ya polisi na watumishi wa serikali, hilo halikuwa jambo la kumtangazia jirani.

Bombay ya wakati ule ilikuwa ya picha bubu. Alijiunga na kampuni ya Imperial ya Ardeshir Irani, akaanza kama mtu wa kujaza nafasi kwenye kundi, na haukupita muda mrefu akawa stelingi. Picha bubu ilitaka mwili, naye mwili alikuwa nao: mrefu, kifua kipana, uso uliochongeka. Ila alikuwa na kitu kingine ambacho kamera ya bubu haikuweza kukitumia, sauti nzito iliyofika nyuma ya ukumbi bila kupazwa.

Zamu ya sauti ilikuja tarehe 14 Machi 1931, Irani alipoionyesha Alam Ara katika sinema ya Majestic, Bombay. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya India yenye mazungumzo, na ilikuwa na nyimbo saba. Ukitaka kujua kwa nini picha ya Kihindi haimalizi nusu saa bila mtu kuimba, anza hapo. Stelingi wake alikuwa Master Vithal, bingwa wa picha bubu za upanga na farasi, ambaye kampuni yake ya zamani ilimshitaki kwa kuvunja mkataba ili aje Imperial. Wakili aliyemtetea ni Muhammad Ali Jinnah, yuleyule aliyekuja kuwa mwasisi wa Pakistan. Kesi akaishinda, lakini Vithal Kihindi na Kiurdu vilimpiga chenga, mazungumzo yake yakapunguzwa. Prithviraj, aliyekuwemo kama jemadari Adil, hakuwa na tatizo hilo. Vithal na wengi wa rika lake walififia sauti ilipoingia. Yeye ndipo alipoanza. Alam Ara yenyewe imepotea, haijapatikana nakala hata moja. Zimebaki picha za mnato na simulizi.

Baada ya hapo hakukimbilia umaarufu kama ambavyo mtu angetegemea. Aliingia kwenye kundi la maigizo la Mwingereza mmoja, Grant Anderson, lililozunguka India na tamthiliya za Shakespeare, akaigiza kwa Kiingereza mbele ya watu waliolipa kiingilio kidogo, na mara nyingi yeye mwenyewe mshahara ulikuwa wa kusuasua. Kisha akahamia Calcutta, zilikokuwa studio za watu wasomi kama New Theatres. Huko mwaka 1934 aliigiza Rama katika Seeta ya mwongozaji Debaki Bose, na Durga Khote akiwa Sita. Picha hiyo ilifika hadi tamasha la Venice.

Hapo kwenye Rama nakaa kidogo. Anayeijua Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindu, anajua kwamba mfalme huyo mwema, baada ya kumkomboa mkewe Sita mikononi mwa Ravana aliyemteka, alikuja kumfukuza akiwa mjamzito kwa sababu ya umbea wa raia. Kwa Wahindu wengi hilo ni jeraha lililo ndani ya hadithi takatifu, na vizazi vimebishana juu yake. Prithviraj alimvaa Rama akiwa na miaka 27. Miaka 17 baadaye, kwenye Awara, alipewa mume mwingine anayemfukuza mke mjamzito kwa umbea, safari hii akiwa amevaa suti na joho la jaji. Waandishi wa Awara, K. A. Abbas na V. P. Sathe, walijua wanachokifanya, na watazamaji wa India walielewa mara moja. Huku kwetu wengi hawakuwa na Ramayana vichwani, na bado walielewa. Nani Babati hajawahi kuona mwanamke akirudishwa kwao kwa sababu ya maneno ya kisimani?

Kabla ya Awara kulikuwa na Sikandar. Mwaka 1941 mwongozaji Sohrab Modi alimpa nafasi ya Aleksanda Mkuu, mtekaji wa dunia anayefika India na kukuta mfalme Porus hataki kupiga magoti. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaendelea, Mwingereza anatawala, na picha inaonyesha mgeni mwenye jeshi akirudi kwao. Wakuu wa jeshi waliipiga marufuku kwenye sinema za kambini. Kwa Prithviraj ndiyo iliyomfanya kila mtu aijue sura yake, na angeweza kuishi kwa sura hiyo hadi uzeeni.

Badala yake alichukua fedha za sinema akazimwaga kwenye jukwaa. Mwaka 1944 alianzisha Prithvi Theatres, kundi la kuzunguka lenye watu kama 150, wasanii, wapishi, mafundi na wapiga ala, wakisafiri kwa treni na mapazia yao. Lilidumu miaka 16, likafanya maonyesho 2,662, na yeye akiwa mwigizaji mkuu. Tamthiliya ya Deewar ya mwaka 1945 ilihusu ndugu wawili wanaojenga ukuta katikati ya nyumba yao. Miaka miwili baadaye India na Pakistan zikagawanywa, na Samundri alikozaliwa na Peshawar alikokulia zikawa nchi nyingine. Pathan ilihusu urafiki wa Mwislamu na Mhindu. Waliyaigiza hayo wakati watu wanauana barabarani.

Kila onyesho likiisha, mzee huyu alitoka akasimama mlangoni, kichwa ameinamisha, ameshika kitambaa amekikunja kama mfuko, na watazamaji wakipita wanatia chochote kwa ajili ya wakimbizi au wenye njaa. Hakuwaangalia usoni, ili asiyekuwa nacho asione haya. Mtu aliyekuwa mfalme nusu saa iliyopita, au tajiri, anasimama pale kama muombaji. Naomba msomaji aiweke taswira hiyo kando ya yule jaji.

Jukwaa hilo lilitupa na sisi kitu ambacho hatukuwahi kukitolea shukrani. Kwenye ala za Prithvi Theatres walikaa vijana wawili, Shankar kwenye tabla na Jaikishan kwenye harmoniamu. Raj, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kundi la baba yake kabla ya kufungua kampuni yake, aliwatoa hapo akawapa picha zake. Nyimbo za Awara ni zao. Pwani yetu ilizipenda mno. Tuni za Kihindi zikavishwa maneno ya Kiswahili katika taarabu, na Juma Bhalo wa Mombasa akajijengea jina kubwa kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo bibi aliyecheza harusini Pangani akidhani anacheza taarabu, alikuwa pia anacheza kitu kilichopitia mfukoni mwa Prithviraj.

Awara ilitoka Desemba 1951. Abbas aliipeleka kwanza kwa mwongozaji Mehboob Khan, lakini akataka jaji na mwanawe waigizwe na baba na mwana halisi. Mehboob alikuwa na watu wengine akilini. Raj, aliyekuwa na miaka 26, akaichukua, akawa mwongozaji, mwenye kampuni, na stelingi, na baba yake akawa chini ya amri yake kila asubuhi studio. Utotoni mwa stelingi akawekwa mdogo wake, Shashi. Na kwenye kiti cha juu cha mahakama mwanzoni mwa picha, mzee mwenye mvi anayesikiliza kesi ni Basheshwarnath, yule polisi wa Peshawar. Vizazi vitatu ndani ya chumba kimoja, mwana anawaongoza wote.

Hadithi yake mtu wa Kiswahili anaielewa bila mkalimani, kwa kuwa ni ugomvi wa methali zetu mbili. Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa imani hiyo amemfunga Jagga kwa sababu tu baba yake alikuwa jambazi. Jagga akitoka, anamteka mke wa jaji, na anapogundua ana mimba changa anamrudisha salama, kwa hesabu ya kisasi: watu watasema, na jaji atasikiliza. Kweli wanasema, kweli anasikiliza. Mama anatupwa nje usiku wa mvua, anazaa mtaroni, na mtoto wa jaji analelewa na umaskini na Jagga mpaka anakuwa mwizi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwishoni kijana yuko kizimbani kwa kutaka kumuua jaji, na anayemtetea ni Rita, msichana aliyelelewa na jaji mwenyewe.

Rita anamsimamisha mlezi wake kama shahidi. Anamuuliza kama aliwahi kuwa na mke, kama alimfukuza, kama alikuwa mjamzito. Prithviraj hafanyi mengi hapo. Nyusi zinakaza, kidevu kinapanda, sauti ile nene inajibu kama inayosoma hukumu, halafu inaanza kukatika. Mtu aliyezoea kuuliza maswali anaulizwa. Hataki kumtambua mwanawe hata ushahidi ulipojaa. Inabidi aende selo, nyuma ya nondo, ndipo baba aombe msamaha. Na kijana hatoki. Anafungwa miaka mitatu. Kwa picha ya Kihindi, huo ni ujasiri.

Tuseme ukweli: kwa macho ya leo uigizaji wake una chumvi. Anaongea kama anayemhutubia mtu wa safu ya mwisho, tabia ya jukwaani ambayo hakuiacha. Vijana wa kibanda umiza wangemcheka dakika kumi za kwanza. Lakini chumvi hiyo ndiyo iliyofanya ubaya wake usiwe wa kitoto. Adui wa kawaida anakunja uso ili umjue. Prithviraj alimpa jaji heshima yote aliyokuwa nayo mwenyewe, sauti yake, kimo chake, jina lake zuri mbele ya umma, kisha akaacha vyote vionekane vimekosea. Mwanawe ndiye alimwomba afanye hivyo, na mwanawe ndiye aliyeshangiliwa. Wazee wangapi wa ukoo wangekubali?

Unguja, Awara ilirudiwa miaka na miaka, na watu wakatoka sinema wakibishana juu ya mapenzi, ndoa na amri ya wazazi. Ulikuwa wakati ambapo vijana wa Afrika Mashariki walianza kutaka kuchagua wachumba wenyewe, wanalipwa mishahara mijini, hawangoji tena ng'ombe wa baba. Mzee wangu wa Babati alinieleza kwamba yeye na wenzake walijadili njia nzima ya kurudi, juu ya magunia, iwapo Raj angemsamehe baba yake. Wawili walisema asingepaswa. Dereva alisema baba ni baba. “Tukafika Minjingu hatujamaliza,” akasema.

Mzee Kapoor aliendelea kukusanya akina baba wa namna hiyo. Mughal-e-Azam ya K. Asif, iliyotoka Agosti 1960 baada ya miaka mingi ya kupigwa picha, ilimpa mfalme Akbar anayetembea peku jangwani kuomba mtoto wa kiume, kisha mtoto huyo, Salim wa Dilip Kumar, anapompenda mcheza ngoma, baba anatoa jeshi zima kumzuia. Kal Aaj Aur Kal ya mwaka 1971 ikamweka kama babu, Raj katikati, na mjukuu Randhir anayetaka kuoa anayemtaka, naye ndiye aliyeiongoza.

Sauti ndiyo iliyomwishia kwanza. Maonyesho elfu mbili na ushei bila vipaza sauti yaliichakaza, na mwaka 1960 Prithvi Theatres ikafungwa. Alikuwa amekwisha kukaa miaka minane katika Rajya Sabha, baraza la juu la bunge, kwa kuteuliwa. Alifariki Bombay tarehe 29 Mei 1972 kwa saratani, na mkewe Ramsarni akamfuata katikati ya Juni. Tuzo ya Dadasaheb Phalke, kubwa kuliko zote za sinema India, alipewa akiwa tayari marehemu. Mwaka 1978 Shashi na mkewe Jennifer Kendal walimjengea ukumbi wa maigizo mtaa wa Juhu, Mumbai, ambao hadi leo una tamthiliya. Kundi lake la treni halikuwahi kuwa na paa.

Majumba yetu ya sinema mengi yamekuwa maduka, makanisa au magofu. Televisheni ya Bara ilipoanza mwaka 1994, deki za video zilikuwa zimekwisha kuyapunguzia watu. Wakaja watafsiri kama Lufufu, wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya picha na kumwongezea stelingi maneno ambayo hakuyasema. Wataalamu huwabeza. Mimi naona wamefanya kazi ambayo hakuna shirika lililojitolea kuifanya, na natamani mmoja wao amchukue Jaji Raghunath.

Kazi ya kumtambulisha haingekuwa ngumu, maana sura ya ukoo ipo kwenye ubao wa chaki hapo Babati. Animal ya mwaka 2023, inayohusu kijana anayetaka kuonekana na baba yake kiasi cha kumwaga damu, stelingi wake ni Ranbir Kapoor: mtoto wa Rishi, mjukuu wa Raj, kitukuu wa Prithviraj. Na Ranbir huyohuyo amepewa Rama katika Ramayana mpya ya Nitesh Tiwari, picha ya gharama kubwa mno iliyopangwa kutoka kwa sehemu mbili. Kitukuu anavaa vazi alilovaa mzee mwaka 1934. Swali langu kwa picha hiyo ni moja tu, na sitaangalia kitu kingine: ikifika pale umbea unapoingia ikulu, Sita atafanywa nini?